Mchana Mzima Niliokuwa Nao

Bagamoyo, siku ya kuaga

Mwanangu Rukia,

Umetoka kwenda Dunda kuaga, na ninavyowajua watu wa Dunda hutarudi kabla ya magharibi. Shangazi yako Tatu hatakuachia mpaka ule, na ukishakula atakulilia, na akishakulilia atakupakulia tena. Nyumba imenyamaza. Sanduku lako liko wazi katikati ya chumba, na mimi ninaandika juu ya meza ya cherehani ya mama yako, ile ambayo hakurudi kuichukua. Nikimaliza nitaitia barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya zile kanga, uikute melini.

Mimi sijambo. Mgongo tu, na macho, lakini hayo unayajua. Mambo ya sweta, ya maji ya baridi na ya vijana wa Kizungu sikuandikii. Shangazi yako ameshakuhutubia ya kutosha, na yeye Ulaya ameiona kwenye kopo la maziwa tu. Ninachotaka ni kukujibu.

Uliporudi kutoka Saadani kumuaga mama yako ulinikuta barazani. Ukaniamkia, ukaweka chini kikapu cha samaki wakavu, ukasema, "Baba, mama kasema siku meli ikiondoka hataki kuisikia kwa mtu, wala kwenye redio. Kasema uje umwambie wewe." Nami nikakuuliza kama kufuli la sanduku lina ufunguo wa pili. Ulinitazama, ukaingia ndani. Jana nikaona unangoja tena, nikajifanya ninasoma gazeti. Ukweli ni kwamba ninaogopa, mwanangu. Mwanaume mzima, mvi kichwa kizima, anaogopa kwenda Saadani.

Hebu nikupeleke mbali kidogo.

Babu yako alipofariki mimi nilikuwa chuoni, nasoma Kurani. Akaja mtu wa mtaani kwetu, Mzee Kibwana, aliyekuwa akishona makofia. Akamnong'oneza mwalimu. Akaniambia, "Twende, baba anakuita." Tukaenda polepole. Njiani akaninunulia muwa, akanimenyea mwenyewe kwa kisu chake cha kazi. Akaniuliza nimefika sura gani, nikamsomea. Kila tuliyepishana naye alitusalimu kwa sauti ya chini, na mimi nikaona fahari, nikadhani ni kwa sababu nimesoma vizuri. Tulipofika nyumbani nikaona wanaume wamejaa barazani. Hapo ndipo Mzee Kibwana alipoweka mkono begani kwangu, akanikalisha, akanipa maji ninywe, kisha akasema.

Unajua kuwa ndivyo tulivyo. Mtu akitoka kwenye maiti, ukamuuliza habari za huko, atasema njema. Atakaribishwa, atakaa, atakunywa maji, ataulizwa habari za watoto. Baadaye ndipo atasema, "Njema, lakini." Mimi nililichukia jambo hilo tangu siku ile. Mji mzima ulijua kuwa sina baba, na mimi natafuna muwa. Nilijiona nimefanywa mjinga. Nikaapa moyoni kuwa nikiwa mkubwa nitakuwa mtu wa kujua mwanzo, na sitamficha mtu.

Basi nikaipata kazi yenyewe. Wakati wa vita nilikuwa karani bomani, na kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa kimenyooka, nikapewa kutafsiri habari za vita na kuzisoma sokoni kwenye kipaza sauti. Watu waliacha kupima samaki kunisikiliza. Wanawake walikuwa na waume na wana huko Burma, na mimi ndiye niliyejua walipofika. Kichwa kilinivimba, usiambiwe. Mama yako nilimwoa miaka hiyo, na aliwahi kuniambia kuwa alinipenda sauti kabla hajaniona sura. Alipoiona sura, anasema, ilikuwa tayari mahari imepokelewa.

Baadaye serikali ilipofungua redio Dar es Salaam nikahamia huko. Sikuwa msomaji tena. Nilikuwa mtu wa nyuma, mtayarishaji: napokea simu, nachagua, nafupisha, napanga ipi itangulie ipi ifuate, kisha kijana mwenye sauti nzuri anaketi mbele ya maikrofoni na kusoma nilichoandika. Bwana mkubwa wetu Mwingereza alitufundisha kanuni moja, nayo utaikuta huko uendako: jambo zito liwe la kwanza, kwa maneno machache, na jina likiwepo litajwe. Ilikuwa kinyume kabisa na Mzee Kibwana, na mimi nikaikumbatia kwa mikono miwili.

Ulikuwa ukiniona Ijumaa moja moja, naja na mkate wa boflo na magazeti. Nadhani ulidhani ninafurahi sana huko. Nilifurahi, ndiyo. Lakini nikuambie jinsi nilivyokuwa nikifuturu. Mwezi wa Ramadhani mimi ndiye niliyeangalia saa, nikampa mtangazaji ishara, na pwani nzima ikasikia kuwa jua limezama. Ningeweza kuzihisi nyumba zote zile zikifunua vyungu. Mimi nilikuwa na tende mbili juu ya karatasi ya kupigia chapa na maji ya bomba. Hata habari ya mwezi kuandama ilipita mkononi mwangu, watu wakapiga vigelegele, na asubuhi ya Idi nikawa ofisini napanga taarifa ya watu waliosali Idi. Kazi ile inakufanya ujue ya kila nyumba isipokuwa yako. Hilo nalisema kwa kuwa nimelikalia, si kwa kulisikia.

Sasa nifike kwa mjomba wako Shomari.

Wewe ulikuwa bado mdogo, lakini najua unamkumbuka, maana alikuwa akikubeba mabegani na kukupitisha sokoni akinadi kuwa anauza kichwa cha Rukia. Mama yako na yeye walikuwa wawili tu kwa mama yao. Alikuwa akichukua samaki wakavu Saadani, akawavusha mpaka hapa, kisha akapanda nao lori kwenda kuuza Morogoro. Siku hiyo lori lilipinduka karibu na Ubena.

Simu ya polisi iliingia baada ya adhuhuri. Niliipokea mimi. Niliandika huku nasikiliza, kama nilivyozoea: lori, Ubena, watu watano wamefariki, majina haya. La tatu lilikuwa la shemeji yangu. Mkono haukusita, Rukia. Uliandika. Nilimwambia yule askari arudie, akarudia, jina na kijiji na jina la baba.

Nilikaa kitini. Nililia kidogo, nikajifuta. Kisha nikaanza kupanga taarifa ya jioni.

Yule kijana mtangazaji, Hamisi, alipokuja kupitia maneno yake alisimama kwenye jina lile. Akasema, "Mzee, huyu wa Saadani si shemeji yako?"

"Ndiye."

"Basi tuliondoe jina, mzee. Nyumbani wanajua?"

"Liache," nikamwambia. "Wale wengine wanne nao wana ndugu. Nikiondoa la kwangu nikaacha ya wenzangu, huo si upendeleo?"

Hamisi akasema, "Haya, mzee," akaendelea kusoma kimoyomoyo. Nami nilijiona mtu wa haki kweli kweli. Bwana mkubwa akapita, akanigonga bega, akasema hii ni mara ya kwanza tumelipata jambo kubwa kabla ya gazeti. Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu: nilipogongwa bega nilifurahi. Shemeji yangu amelala Ubena chini ya turubai, na mimi nimefurahi.

Nje kulikuwa na gari la kazi. Dereva alikuwa amelala ndani yake, miguu nje ya dirisha. Ningemwamsha tungefika Bagamoyo alasiri. Nililiona lile gari, nililitazama kabisa. Nikajiambia kuwa nani atapanga taarifa nikiondoka.

Yaliyofuata wewe uliyaona, mimi nilisimuliwa na jirani yetu fundi Ali wa viatu. Redio ile niliinunua mimi, na betri yake kubwa kama tofali, nikaagiza ikae dirishani ili majirani nao wasikie. Mama yako alikuwa akitandika mikeka nje kila jioni, akapika kahawa. Watu walikuja kusikiliza kazi ya mume wake. Fundi Ali anasema siku ile alikuwa amevaa vizuri, amekaa kwenye kiti, na wewe unapitisha vikombe. Habari ya lori ikasomwa ya kwanza, kwa maneno machache, na majina.

Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyeizima. Fundi Ali aliniambia, "Redio yako, bwana, nani angethubutu kuigusa?" Ikaendelea. Ikasoma habari za gavana, ikasoma bei ya mkonge, ikasoma bei ya mbata, na mama yako amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, mbele ya watu, anasikiliza bei ya mbata. Iliposema kwaherini ndipo aliposimama, akawaambia, "Kahawa imepoa, chukueni vikombe vyenu mmalizie." Kisha akaingia ndani kutafuta buibui.

Nilifika kesho yake, nyumba imefungwa. Nikawafuata Saadani. Maziko yalikuwa yamekwisha. Wanaume walinipokea vizuri, wakanipa pole, na hakuna aliyenilaumu hata kwa jicho, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mama yako alitoka uani, akakaa mbali nami kidogo. Nikaanza kusema maneno ya pole. Akanikatiza.

"Baba Rukia, ulijua saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri."

"Ikasomwa saa ngapi?"

"Saa moja jioni."

Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa na mchana mzima." Hakuipaza sauti. Akaniuliza kama nimekula, akaenda kuniletea wali.

Alisema atabaki kidogo amsaidie wifi yake na mayatima. Kidogo hicho mpaka leo. Hatukuachana, hakudai talaka wala sikuitoa. Wewe tukakugawana, shule huku kwa shangazi yako, likizo kule, ukawa unapita kati yetu na kikapu cha samaki kwenda huku na vitambaa kwenda kule. Najua ulichoka. Najua pia hukuwahi kumsema mmoja kwa mwenzake, na kwa hilo nakushukuru, na samahani kwamba tulilikuza jambo hilo ndani yako kabla hujaota meno yote.

Nilimwita arudi. Lakini sikiliza nilivyomwita. Nilimtuma shangazi yako. Nikamtuma shehe. Nikamtuma fundi Ali na jozi ya viatu vipya. Yeye aliwapokea wote, akawalisha wakashiba, akawarudisha na samaki. Mimi mtu wa kutuma habari, nikatuma habari. Mara moja tu niliondoka mwenyewe, nikafika mpaka kwenye kivuko cha Wami, nikasimama na watu wanaongoja kuvuka. Nikageuka. Niliporudi nilikuambia kivuko kimeharibika. Hakikuharibika. Nilikiona kikivusha watu na mbuzi na baiskeli, nami nimewapa mgongo.

Kazi niliendelea nayo, nikapandishwa cheo. Kwa miaka mingi nilibishana na mama yako kichwani. Nilimwambia kuwa haki ni haki. Nilimwambia kuwa Mzee Kibwana na muwa wake walinidanganya, na mimi sikumdanganya mtu. Jibu nililipata kwa kuchelewa sana, mwaka nilioacha kazi, na sikulipata kwa kusoma. Nilikuwa nimekaa hapa barazani, akapita mtoto anamenya muwa. Nikakumbuka kuwa Mzee Kibwana alikuwa na makofia ya kumaliza siku ile. Ilikuwa karibu na Idi, siku za kushona usiku na mchana. Aliacha sindano, akaja. Alitembea na mimi. Hakunificha habari; alikuwa anaibeba yeye mpaka tufike mahali ambapo mtoto anaweza kukaa chini. Na mimi ile ya Shomari niliitupa ikamwangukie mama yako kitini, mbele ya vikombe. Haki ingekuwa kuyazuia majina yote matano mpaka kesho yake, na gari lile litoke likapige hodi nyumba tano. Taarifa ingepungua mistari miwili tu.

Uliponiambia unataka kazi hii nilikukatalia, unakumbuka. Nilipiga kelele mpaka fundi Ali akachungulia. Nilikuambia ukawe mwalimu, ukawe mkunga, kitu chochote. Ukaniacha nimalize, kisha ukasema, "Baba, siku ile nilimsikia mtu anasoma na hajui anamsomea nani. Mimi nilikuwa nimeshika vikombe, najua." Mwezi uliofuata nilikutilia saini karatasi zako za kwenda masomoni.

Sasa unakwenda kujifunza redio, na hiyo televisheni, redio yenye picha. Nimekitazama kile kitabu chao ulichokiacha mezani. Mtu mmoja ameketi, na nyuma ya kioo wamesimama wengi wenye saa mikononi. Utakuwa mmoja wa wale wa nyuma. Watakufundisha haraka, na ni lazima uijue haraka, sitakudanganya kuwa kazi inaweza kufanywa kwa muwa. Ila siku moja simu italia, na jina litakuwa la mtu, na utaona gari liko nje. Mimi sijui utafanya nini siku hiyo. Naomba tu ulione lile gari.

Na upweke wake usiustaajabie. Utajua mambo saa nzima kabla ya watu wote, na saa hiyo hutakuwa na mtu wa kumwambia. Tafuta watu wa kula nao ambao hawajali unajua nini. Mimi sikutafuta. Siku hizi saa moja ikifika naiwasha redio, nasikiliza vijana wale, nawasahihisha kwa sauti. "Hapana, hilo la pili lilikuwa liwe la nne." "Jina la mji huo halisemwi hivyo." Majirani walidhani nimepata mgeni. Fundi Ali alikuja kuchungulia, akanikuta peke yangu na sahani, akarudi kwake, na tangu siku hiyo mkewe huniletea mchuzi. Ukiondoka sitakuwa hata na wa kumtuma Saadani. Nimelifikiria hilo kutwa, na nikaona kuwa mama yako amelifikiria kabla yangu.

Nimehesabu visingizio vyangu, vimekwisha. Jibu langu ni ndiyo.

Kesho nitakufikisha bandarini Dar es Salaam. Nitasimama mpaka meli igeuke, na ukiniona ninapunga mkono usidhani nina nguvu, ninajikaza tu. Kisha nitapanda gari la kurudi huku, lakini nyumbani siingii. Redio nimeshamwambia fundi Ali aje aichukue asubuhi, na ufunguo nimempa. Nikipita na nyumbani nitakaa kitini, na nikikaa kitini nitaketi mpaka saa moja, najijua. Nitakwenda moja kwa moja mpaka kivukoni, na safari hii nitavuka, hata kama ni pamoja na mbuzi.

Sijui kama mama yako atanipokea kama mume au kama mgeni. Pengine atanipa wali tu na kunirudisha na samaki, kama wale wengine. Nimejaribu kuandika nitakachomwambia, maana ndiyo kazi ninayoijua, na kila nikiandika naona nimeweka jambo zito mwanzo. Nimeyachana yote. Nitakwenda bila karatasi.

Jua limeshuka mpaka kwenye cherehani. Nasikia watu wanakusindikiza, sauti ya shangazi yako iko mbele yao wote. Utaingia, utaniamkia, utaniuliza habari za kutwa, nami nitasema njema. Nakupenda, Rukia. Nyumba hii haijui itakavyokuwa bila miguu yako, na mimi pia sijui.

Utakapokuwa unafukua sanduku hili kutafuta kanga ya kujifunika, nitakuwa nimeshafika. Mama yako atakuwa ameniuliza habari za huko, nami nitakuwa nimemjibu njema, nimekaa chini, nimeomba maji.

Mimi baba yako